Jirani Akivuka Mpaka: Mwongozo wa Kudai Ardhi Yako Bila Kupotea Njia

Unafika shambani asubuhi unakuta mstari wa minyaa umefyekwa na matuta mapya yameingia hatua nne upande wako. Au uko mjini: lori limemwaga mawe na mchanga, na fundi wa jirani anachimba msingi mahali unapoamini ndipo kona ya kiwanja chako. Jambo la kwanza linalokujia ni kung'oa, kubomoa, kumfuata mtu na kumpa maneno yake. Nakuomba usifanye hivyo. Nimeona kwa karibu, ndani ya ukoo wetu, miaka sita ikiteketea kwa ugomvi wa ardhi ambao ungeisha ndani ya miezi michache. Tatizo halikuwa ubishi wa jirani peke yake. Hatukujiuliza swali moja mapema: tunagombania mstari, au tunagombania ardhi?

Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na Mahakama yake ya Ardhi, kwa hiyo hatua za barazani zilizoelezwa hapa hazitumiki kule.

Siku ya kwanza: linda ushahidi, usiguse alama

Piga picha kabla hujamsemesha mtu. Piga kutoka mbali ili mti mkubwa, nyumba au barabara ionekane, kisha sogea karibu na alama yenyewe: bikoni (alama ya mpima kwenye kona ya kiwanja), jiwe, kisiki cha sale, mfereji. Andika tarehe na majina ya waliokuwepo. Kama kuna kazi inaendelea, muite mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji aione siku hiyo hiyo. Kesho simenti ikishakauka, utaulizwa ulikuwa wapi.

Usiing'oe bikoni hata kama una hakika imehamishwa. Kung'oa, kusogeza au kuharibu alama ya upimaji ni kosa la jinai, na ukiikuta mahali pasipo pake, mahali hapo penyewe ni ushahidi. Ukiitoa wewe, umemsaidia aliyeihamisha.

Polisi waendee kwa sababu sahihi. Kama umepigwa, umetishiwa kwa panga, au mazao yako yamefyekwa, ripoti, chukua RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi) na uitunze. Usitegemee polisi waamue nani mwenye shamba. Hiyo si kazi yao. Watu wengi hukimbilia kumfungulia jirani kesi ya kuingia kwa jinai, na kesi hizo huanguka mara kwa mara kwa sababu moja: mahakama za juu zimesema tena na tena kwamba pale umiliki wenyewe unapobishaniwa, umiliki uamuliwe kwanza katika chombo cha ardhi. Unapoteza mwaka mzima, jirani anaachiwa, na anarudi mtaani akitangaza kwamba ameshinda, ingawa hakuna aliyegusa suala la ardhi.

Swali lenyewe: mstari au ardhi?

Ugomvi wa mstari ni pale ambapo wewe unakubali jirani ana shamba lake, naye anakubali una lako, ila hamkubaliani linaishia wapi. Ugomvi wa ardhi ni pale anaposema kipande hicho, au shamba lote, hujawahi kuwa nacho: alikinunua kwa mtu mwingine, alirithi, kaka yako alimuuzia, au halmashauri ilimpa yeye.

Tofauti hii ndiyo inayokuambia nani wa kumtafuta kwanza. Mstari hutatuliwa na mpima, majirani wanaopakana na wazee wanaokumbuka. Umiliki hutatuliwa kwa karatasi, mashahidi na hatimaye baraza. Ukimpeleka mpima kwenye ugomvi wa umiliki atakuonyesha kona zilipo, lakini hawezi kukuambia nani alinunua kwa halali. Ukikimbilia barazani na ugomvi wa mstari bila kupima, mtakaa miaka mkitoleana ushahidi wa "kutoka kwenye mwembe hadi kwenye kichuguu", na mwembe ulishakatwa.

Kuna ugomvi wenye vyote viwili. Jirani anaanza kwa kusema mpaka ni pale, ukimbana kwa vipimo anabadilika na kusema upande ule wote aliuziwa na marehemu shemeji yako. Ukisikia hivyo, andika tarehe aliyobadili maneno na nani alikuwepo. Mtu anayebadili msingi wa dai lake huwa amejifunga mwenyewe, mradi kuna aliyesikia.

Kusanya karatasi, na uzisome kweli

Kwa kiwanja kilichopimwa, tafuta hati au barua ya toleo (barua ya kukupa kiwanja), ramani ya upimaji, risiti za kodi ya pango la ardhi, na mkataba wa mauziano kama ulinunua. Kisha omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati au ofisi ya ardhi ya mkoa, ili ujue rejista inasema jina la nani na kama kuna rehani au zuio. Fanya hivi hata kama hati iko kabatini kwako. Mahakama zetu humchukulia mwenye hati iliyosajiliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitike kwamba aliipata isivyo halali, hivyo ni lazima ujue mapema kama na mwenzako anayo. Ikitokea nyote wawili mna karatasi za kiwanja kimoja, huo si ugomvi wa majirani tu. Aliyegawa naye ana la kujibu, nami nitaurudia chini.

Kwa ardhi ya kijiji, hati ya hakimiliki ya kimila ni nguvu kubwa kwa sababu kabla haijatolewa kunakuwa na uhakiki: mipaka inatembelewa na majirani wanaopakana wanasaini fomu. Omba kuona fomu hiyo ofisi ya kijiji. Kama saini ya jirani unayegombana naye imo, una kitu kizito mkononi. Kama huna hati ya kimila, kusanya ulichonacho: mkataba ulioshuhudiwa na uongozi wa kijiji, muhtasari wa mkutano uliokugawia, hata karatasi ya daftari iliyoandikwa na mzee kwa kalamu ya risasi mwaka 1987. Usiidharau. Ila angalia kama kijiji kilikugawia kwa njia sahihi, maana halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake, usiku, nyumbani kwake, ina udhaifu ambao wakili wa upande wa pili atauona haraka.

Sasa soma vipimo. Mikataba mingi ya vijijini inasema "ekari moja, hatua 70 kwa 70". Ekari kamili ni takribani mita za mraba 4,047. Mtu mrefu mwenye hatua ya sentimita 90 akitembea 70 kwa 70 anapata mita za mraba 3,969, karibu kabisa na ekari. Mtu mwenye hatua ya sentimita 75 anapata 2,756. Ni shamba lile lile kwenye karatasi, na tofauti ni zaidi ya robo ya ekari. Nimeona ndugu wakiitana wezi kwa sababu muuzaji alikuwa mrefu na aliyekuja kuhakiki miaka kumi baadaye alikuwa mfupi. Kama mkataba wako una hatua tu, basi kilichoandikwa kuhusu majirani wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi kina thamani kuliko namba zenyewe. Alama za kudumu na majina ya wapakanaji havibadiliki kwa urefu wa miguu ya mtu.

Angalia pia stempu. Mkataba ambao haujalipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kupokelewa kama kielelezo. Lipia sasa, kabla hujasimama mbele ya mwenyekiti wa baraza ukiwa na karatasi ambayo haisomeki kisheria. Na siku ya ushahidi beba nakala halisi, kwa sababu fotokopi huzua pingamizi.

Tembea mpaka na wanaokumbuka

Kabla ya mpima, wachukue watu wawili au watatu ambao hawana cha kufaidika: aliyewahi kulima pale kama kibarua, mpakanaji wa upande mwingine, mzee aliyekuwa mjumbe enzi hizo. Watembee na wewe pole pole. Nyamaza, waache waseme. Ukiwaonyesha unachotaka kusikia, watakuonyesha hicho hicho, na barazani watayumba wakiulizwa swali la pili.

Mimea husema mengi. Minyaa, mkonge, mbono na masale havioti kwa bahati mbaya vikapanga mstari. Kule Kilimanjaro sale ni mpaka na ni alama ya kuombana radhi pia. Mtu akikata masale ya mwenzake anajua alichofanya. Tazama visiki: kisiki kikubwa chenye machipukizi kinaonyesha ua ulikuwa pale muda mrefu, wakati mche mpya uliochomekwa hatua tatu pembeni unajulikana kwa macho. Tazama na udongo. Ukingo uliopandishwa na jembe la miaka mingi hauondoki kwa msimu mmoja wa trekta, hubaki kama mgongo mdogo hata baada ya kulimwa.

Andika walichosema, jina la kila mmoja na umri wake. Mashahidi wa ardhi ni wazee, na wazee hawatungoji.

Jambo la miaka 12, ambalo watu hulielewa nusu

Sheria ya ukomo, yaani ya muda wa mwisho wa kufungua kesi, inasema dai la kurudisha ardhi lifunguliwe ndani ya miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza. Kwa hiyo kama jirani ameshikilia kipande chako waziwazi kwa miaka 15 nawe ukimtazama tu, unaweza kuambiwa umechelewa hata kabla ya kusikilizwa. Usilaze dai kwa sababu ya kuona haya.

Upande wa pili wa jambo hilo ni huu: si kila aliyekaa miaka 12 amekuwa mmiliki. Aliyekaribishwa kulima, aliyeachiwa shamba alitunze, mpangaji, ndugu aliyepewa sehemu ya kujishikiza, hao ni waalikwa, na mwalikwa hageuki mwenye mali kwa sababu amekaa sana. Kwa hiyo ushahidi wa jinsi alivyoingia una thamani kuliko ushahidi wa miaka aliyokaa. Tafuta aliyekuwepo siku baba yako alipomwambia, "Jirani, lima hapa mpaka nitakapohitaji."

Kama ardhi ni ya marehemu, mtoto au mjane hawezi kusimama kuidai kwa jina lake tu kwa sababu ni mrithi. Anayetakiwa kudai ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kesi nyingi nzuri zimetupwa hapa. Na kama marehemu alikuwa bado anaishikilia ardhi hiyo hadi anafariki, miaka 12 inahesabiwa tangu siku ya kifo, siyo tangu siku msimamizi alipoteuliwa. Familia inayosema "tutafungua mirathi tukitulia" inakula muda wake yenyewe.

Ongea na jirani, na muandikiane

Baada ya kukusanya hayo, nenda kwake. Nenda na mtu mmoja anayeheshimiwa na pande zote, mchana, bila kundi la vijana. Anza kwa salamu na kwa jina la heshima analoitwa siku zote, Mzee fulani au Mama fulani, wala usianze na neno "umeniibia". Sema, "Mama, nimeona msingi umeanza. Mimi naamini kona iko pale kwenye jiwe. Naomba tusimamishe kidogo tuite mpima, gharama tugawane." Kugawana gharama ya mpima ni silaha ya amani ambayo haitumiki vya kutosha. Mpima aliyelipwa na mmoja huonekana wa mmoja. Aliyelipwa na wawili matokeo yake huwa magumu kukataliwa.

Mkikubaliana, andikeni. Makubaliano ya mdomo hudumu mpaka mmoja afariki, halafu watoto wake wanasema hawayajui. Karatasi iwe na majina kamili, maelezo ya eneo, mchoro wenye vipimo vya mita kutoka alama zisizohama, tarehe, saini za wote wawili, za wenzi wao wa ndoa na angalau mtoto mmoja mkubwa kila upande, na mashahidi pamoja na uongozi wa kijiji au mtaa. Nasisitiza wenzi wa ndoa. Mke ambaye hakuhusishwa ana haki ya kuhoji, na mara nyingi ndiye anayelima hapo kila siku na kujua mpaka kuliko mume.

Mpima anafanya nini, na simu haifanyi nini

Siku hizi kila mtu ana simu yenye GPS na programu ya kupima shamba. Inafaa kukadiria ukubwa, lakini haifai kumaliza ugomvi wa mpaka. Mahali pa wazi simu hukosea kwa mita tatu hadi tano, na chini ya miti au kati ya majengo hukosea zaidi. Kama mnagombania mita moja na nusu, simu yako haijui lolote.

Kuna mtego mwingine mbaya zaidi. Ramani nyingi za zamani za upimaji zilitumia mfumo wa viwianishi (namba zinazoonyesha mahali) uitwao Arc 1960, wakati simu inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za ramani ya zamani na kuziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, kiwanja chako kitaonekana kimehama mamia ya mita, labda katikati ya nyumba ya mtu asiyehusika kabisa. Ugomvi mpya umezaliwa, tena wa bure. Mpima anajua kubadili.

Omba mpima wa halmashauri kwa barua kupitia ofisi ya ardhi, au tafuta mpima binafsi mwenye leseni. Kwa kiwanja kilichopimwa, kazi unayoomba inaitwa kufufua mipaka: anachukua ramani iliyoidhinishwa, anaanzia kwenye alama za upimaji zinazoaminika, na kurudisha kila bikoni mahali pake kwa usahihi wa sentimita. Hakikisha majirani wote wanaopakana wameitwa kwa maandishi na siku hiyo uongozi wa mtaa upo. Mwisho dai taarifa iliyoandikwa na kusainiwa. Alama za rangi nyekundu ukutani si taarifa.

Mara nyingi matokeo hayampi mtu yeyote ushindi wote. Unaweza kukuta ukuta wako wa nyuma ndio umeingia kwa jirani wa upande wa tatu ambaye hamkuwa mnagombana. Jiandae kukubali hilo.

Mkishindwa: kijiji, kata, kisha wilaya

Mfumo wa mabaraza unatokana na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002. Kwa ardhi ya kijiji unaanza na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na kati yao watatu wanawake. Kazi yake ni kupatanisha.

Juu yake kuna Baraza la Kata, lenye wajumbe wanne hadi wanane, wanawake wasiopungua watatu. Hapa wengi bado wana picha ya zamani. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya nani mmiliki, linasuluhisha tu. Ukipewa karatasi ya kata ya miaka hii inayosema "tumeamua shamba ni la fulani", hiyo si hukumu.

Hata hivyo kata hairukwi. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakusikiliza katika dai la umiliki mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kata ina siku 30. Zikipita bila suluhu, unaruhusiwa kwenda wilayani bila hati hiyo. Kwa hiyo siku unayopeleka malalamiko kata, peleka kwa maandishi, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na anza kuhesabu. Bila muhuri huo huwezi kuonyesha siku 30 zilianza lini.

Usipeleke dai la ardhi Mahakama ya Mwanzo. Mirathi unaweza kuifungua huko, lakini mahakama hiyo haina mamlaka juu ya kesi ya kudai ardhi, na hukumu ya chombo kisicho na mamlaka haina uhai hata kama ilisomwa mbele ya umati.

Barazani wilayani

Kwa dai la kurudishiwa ardhi, Baraza la Wilaya lina mamlaka hadi thamani ya shilingi milioni 300. Ikizidi hapo unaanzia Mahakama Kuu. Na kama unalazimika kuishtaki halmashauri, kijiji au Kamishna wa Ardhi, kwa mfano kwa kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili, lazima utoe notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Ukimuacha aliyegawa nje ya kesi ili kukwepa siku hizo, kuna hatari ya kesi nzima kuanguka kwa kukosa mtu muhimu. Vivyo hivyo kwa muuzaji aliyekuuzia: kama jirani anasema muuzaji hakuwa na haki ya kuuza, muunganishe.

Sehemu inayoua kesi nyingi kuliko zote ni maelezo ya eneo. Ukiandika "shamba langu la ekari tatu lililopo kijiji fulani", unaweza kushinda na bado ukakosa cha kukabidhiwa, au rufani ikafuta kila kitu kwa sababu haijulikani ni ekari tatu zipi. Kama limepimwa, andika namba ya kiwanja, kitalu na hati. Kama halijapimwa, andika kitongoji, wapakanaji wote wanne kwa majina, alama za kudumu na vipimo vya kila upande. Kisha, na hili ndilo muhimu, eleza kipande kinachogombaniwa peke yake: si shamba lote la ekari tatu, ila ukanda wa mita 6 kwa 80 upande wa mashariki. Hakikisha maelezo hayo ni yale yale kwenye maombi, kwenye ushahidi wako, na kwenye vinywa vya mashahidi wako. Wewe ukisema ekari tatu na shahidi wako akasema tano, umejidhoofisha mwenyewe.

Kama jirani anaendelea kujenga, omba zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha ujenzi, siku ile ile unayofungua maombi. Eleza madhara ambayo fedha haziwezi kuyafidia, na ambatanisha picha zako za siku ya kwanza.

Mwenyekiti huketi na wazee wa baraza wawili, ambao hutoa maoni yao kabla ya hukumu. Fuatilia kwamba maoni hayo yametolewa na kusomwa mbele yenu; kasoro hapo zimewahi kufuta kesi baada ya miaka mingi, na aliyeshinda akarudi kuanza upya. Kwa ugomvi wa mpaka, omba baraza litembelee eneo. Huko nenda na mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi, na uhakikishe kilichoonekana kimeandikwa kwenye kumbukumbu.

Anayedai ndiye anayethibitisha. Udhaifu wa jirani hautakupa shamba kama wewe mwenyewe huna ushahidi.

Wakili si lazima, na tangu mwaka 2021 sheria imeitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo usikubali kusaini usichokielewa. Kama huna uwezo, tafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017; ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza. Mtu aliyekusaidia kuandika maelezo ya eneo vizuri amekufanyia zaidi ya aliyekuja kukusemea kwa sauti kubwa siku moja.

Baada ya uamuzi

Asiyeridhika ana siku 45 kukata rufani Mahakama Kuu. Siku ya hukumu hiyo hiyo omba kwa maandishi nakala za hukumu na mwenendo wa kesi, na tunza barua ya maombi, kwa sababu ucheleweshaji wa nakala ndio utetezi wako kama siku zitakuponyoka. Aliyeshinda asiingie shambani na matrekta asubuhi inayofuata. Mwenzake asipotii, kuna maombi ya kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, na dalali anayetambuliwa ndiye anayekukabidhi eneo.

Mkishakabidhiwa, muite mpima tena aweke alama kwa mujibu wa uamuzi, jirani akiwepo. Pandeni ua mpya pamoja kama inawezekana. Kama ni ardhi ya kijiji, anza maombi ya hati ya kimila msimu huo huo wakati kila mtu bado anakumbuka mstari ulipo na saini za wapakanaji zinapatikana. Toa nakala tatu za mchoro wa mpima: moja ibaki ofisi ya kijiji au mtaa, moja kwako, na moja mkabidhi jirani mkononi mwake.